Jina la Mjomba Kwenye Kila Tofali

Saiti ya zahanati
Tarehe 3 Julai

Mama mpenzi,

Salamu zangu zina vumbi la saruji, kwa hiyo zipanguse kwanza ndipo usome. Mimi mzima, isipokuwa mabega. Mjomba naye mzima, ila hajui kama nakuandikia leo, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Simu huku haishiki mtandao hata ukipanda juu ya rundo la kokoto, basi dereva wa lori la saruji ndiye posta yetu.

Kwanza habari njema. Tangu shule ifungwe nimebeba maji na kuchekecha mchanga mpaka nikawa nauota. Juzi Mjomba akanitazama, akanitupia mwiko, akasema, "Haya Chiriku, mdomo wako tunaujua. Sasa tuone mikono." Mama, nimejenga! Ukuta wa chumba cha chanjo, ule unaotazama barabara, nimeuanza mimi kutoka kwenye msingi. Mstari wa kwanza Mjomba aliubomoa. Wa pili akaubomoa. Wa tatu akafumba jicho moja, akautazama weee, akaondoka bila kusema kitu. Watu wakanipigia makofi. Kumbe hapa saitini Mjomba Timazi akinyamaza ndiyo umefaulu.

Sasa ile habari ya chuo cha ujenzi. Unakumbuka masharti yao: mwombaji alete ushahidi wa kazi aliyoifanya likizo, kwa jina lake mwenyewe na namba yake ya mlipa kodi. Nikaenda kwa karani wa mkandarasi, yule anayekaa kwenye kontena lenye feni. Akapekua vitabu vyake, akaniuliza, "Kwani wewe ni nani?" Nikamwambia mimi ndiye ninayejenga chumba cha chanjo. Akasema, "Chumba cha chanjo kinajengwa na mjomba wako." Msingi? Mjomba. Zege? Mjomba. Kubeba maji? Mjomba. Mama, kwenye karatasi Mjomba anakoroga, anabeba, anajenga, anapiga lipu, na akichoka anajichemshia chai mwenyewe. Sisi wengine hatupo. Kundi zima linalipwa kwa namba yake ya kodi, halafu yeye anatugawia Jumamosi, na wanasema ndivyo walivyofanya siku zote.

Nilimuuliza Mjomba kama naweza kuwa na namba yangu. Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. "Ukiwa kwangu uko chini ya jina langu. Jina langu limekupunguzia nini?" Nikachukua sufuria nikaenda kuiosha, na haikuwa zamu yangu.

Ofisi ya kodi inawaandikisha hata watu wa umri wangu, ila kwa kuwa sijatimiza miaka kumi na minane wanataka saini ya mzazi. Fomu iko humu ndani. Mkandarasi anafunga vitabu vya awamu hii katikati ya Agosti, na vikishafungwa ukuta wangu utakuwa wa Mjomba mpaka kiama, na chuo nitakisikia kwa wenzangu. Tafadhali saini, umpe dereva akipita. Na tafadhali sana, Mjomba asijue kwanza.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani
Tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Barua imefika na alama za vidole vya grisi. Nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, nikasahau mguu kwenye pedali, nikaushona mkono wa blauzi ya mwalimu mkuu ukafungika kabisa. Sasa nafumua. Hasara hiyo ni yako, tutaizungumza ukirudi.

Nimesaini. Nakala ya cheti chako cha kuzaliwa nimeiweka pamoja na fomu, usiikunje wala usiiweke karibu na hayo maji ya saruji. Chuo hicho umekitaka tangu ulipokuwa unajenga jiko la matope nyuma ya choo na kutulazimisha tuje kulikagua. Sitakuwa mimi wa kukuzuia.

Lakini nisikilize vizuri. Baba yako alipofariki, mjomba wako alikuwa kijana ana suruali moja. Alikuja na mwiko wake mfukoni akasema, "Dada, hamtalala njaa." Na hatukulala. Mtu wa namna hiyo ukimpinga usoni atakasirika siku moja. Ukimzunguka utamuumiza. Mwambie mwenyewe kabla hujatia mguu kwenye hiyo ofisi. Akifoka, mwache afoke. Yeye ni kama maziwa jikoni, ukipunguza moto anashuka.

Umenisikia? Mwambie kwanza.

Mama yako


Saiti
Tarehe 16 Julai

Mama,

Ninayo! Nina namba! Imechapwa kwenye karatasi nyeupe na jina langu juu yake, majina yangu yote matatu, hata lile la katikati ambalo hulitumia ukiwa na hasira tu. Nimeisoma mara nyingi mpaka fundi wa lipu akaniuliza kama ni barua ya mchumba.

Sasa usinigombeze. Mjomba sijamwambia. Kila nilipomkaribia alikuwa juu ya jukwaa, au ana mtu, au ana ile sura yake. Mwisho nikamwambia jino linaniuma na lazima niende mjini. Mama, akaniamini. Akatoa kitambaa chake safi, kile cha kuendea msikitini na misibani, akanifunga shavu mwenyewe. Nimepanga foleni ya ofisi ya kodi nimefungwa shavu kama mgonjwa, nikaogopa kukifungua nisije nikakisahau mahali. Nilijisikia vibaya njia nzima.

Afisa alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Alitazama saini yako, akatazama cheti, akaniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikasema fundi. Akanitazama juu ya miwani. Nikasema kibarua. Akaniuliza nafanya kazi chini ya nani. Hapo ndipo nilipofurahi, maana nilitaka ajue kuwa mimi si mtoto wa kuokotwa. Nikamwambia, "Shikamoo tena mama, mjomba wangu si mtu mdogo. Ana watu wengi, wote wanalipwa kwa namba yake, saiti zote, miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kumsumbua." Akaacha kuchapa. Akaniuliza jina lake, nikamtajia taratibu asikosee. Akaliandika pembeni.

Nafikiri amevutiwa naye. Labda watampa kazi ya kukarabati ile ofisi, maana ukutani wana ufa unaoingia mkono.

Kesho, wallahi, nitamwambia Mjomba.

Mwanao mwenye namba,
Chiriku


Saiti
Tarehe 21 Julai

Dada,

Salamu sina leo. Nitakuletea siku nyingine.

Jana wamekuja maafisa wawili wa kodi, viatu vinang'aa, wakasimama katikati ya saiti wakaita jina langu mbele ya watu wangu na mbele ya mkandarasi. "Wewe ndiye mwajiri?" Dada, niligeuka nyuma nimwangalie huyo mwajiri. Kumbe ni mimi! Wanasema miaka yote nimepokea malipo ya kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya hata akiwa na mikono minane. Basi ama mimi ni tajiri niliyelipa kodi ya maskini, ama nina wafanyakazi niliowaficha. Nichague mwenyewe. Ijumaa ya wiki ijayo niende na maelezo. Tangu jana mkandarasi ananitazama kama anayenunua nazi mbovu.

Nikawauliza, nani amewaambia? Yule mdogo wao, hana hata adabu ya kusita, akasoma kwenye karatasi: "kama alivyoeleza mpwa wake."

Mpwa wangu! Aliyekwenda kung'oa jino! Nilimpa kitambaa changu, Dada. Nilikaa siku nzima nikimhurumia, nikamwekea uji asitafune. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Anataka kuniacha aniache, lakini mtu hauzwi na damu yake.

Na kosa langu liko wapi? Hawa watu nimewachukua mmoja mmoja. Mwingine hajui kusoma, mwingine akiona mlango wa ofisi anatokwa na jasho. Nikasema haya, ingieni kwa jina langu, mimi nitasimama mbele. Huo ni wizi?

Nimemtoa kwenye ukuta. Yuko kwenye chekecheke, anachekecha, na mimi sisemi naye. Lori la Jumamosi ijayo litamrudisha kwako. Ule ukuta atamalizia mtu mwingine.

Mdogo wako,
Timazi


Nyumbani
Tarehe 24 Julai

Mdogo wangu,

Ukitaka kugomba anza na mimi, maana saini kwenye ile fomu ni yangu. Nilimwambia akueleze kwanza, hakusikia, na ule uongo wa jino atanieleza akiwa amesimama. Hilo niachie. Lakini kukuuza hajakuuza. Ninayo barua yake hapa, aliiandika kabla ya wale watu kuja, na ndani yake anacheka kwa furaha. Alikuwa anakusifia. Alitaka yule afisa ajue mjomba wake ni mtu mkubwa. Wewe mwenyewe umempa jina la Chiriku, sasa unashangaa nini akilia?

Nikuulize jambo. Mwaka jana goti lako lilipovimba, ulikwenda kuomba upunguziwe gharama za matibabu. Walikuambiaje? Kwamba mtu mwenye kipato kama chako hapunguziwi. Ulikuja hapa ukicheka, "Dada, kumbe mimi tajiri na sikuambiwa!" Tukacheka wote mpaka chai ikamwagika. Ulipoondoka sikucheka, nilisimama dirishani nikakuona unavyoshuka zile ngazi. Sasa niambie, nani alikufanya tajiri? Si huyu mtoto. Ni zege la watu wengine, lipu ya watu wengine na maji ya watu wengine, vyote umejitwika wewe kwa miaka yote hiyo. Hilo goti lako halijabeba matofali tu.

Najua ulifanya kwa wema. Ulifanya vivyo hivyo kwangu na sijasahau hata siku moja. Lakini mtoto huyu hatoki kwenye jina lako, jina lako analipenda mno. Anataka na lake lisomeke. Akikosa chuo kwa sababu ya hasira zako, utaishi nayo wewe, na mimi nitakuwa nakukumbusha kila sikukuu, unanijua.

Usimpandishe lori. Ijumaa nenda naye. Mdomo uliokuingiza humo ndio utakaokutoa. Na barua hii mpe aisome, maana nimechoka kuwa hakimu wa watu wawili wanaolala pua na mdomo na hawaongei.

Dada yako


Saiti
Tarehe 31 Julai

Mama,

Mjomba alinipa barua yako nikiwa kwenye chekecheke, akasimama pale pale mpaka nikamaliza. Mama, nililia mchanga ukalowa. Siku zote zile nilidhani fundi wa lipu amemwambia habari ya namba kabla sijamwambia mimi, ndipo akaninunia. Wale maafisa walikuja nikiwa nimetumwa maji, na hakuna aliyenieleza. Nilidhani namsifia! Nikamwambia hivyo hivyo, kamasi zinanitoka, nikamwomba msamaha kwa kuropoka na kwa ule uongo. Akaichukua barua yako, akaikunja. Halafu akasema, "Umenisifia mpaka nikashitakiwa." Nikaona sharubu zinacheza. Akauliza, "Na jino je?" Nikamwambia limepona. Akasema, "Ajabu."

Ijumaa tulikwenda wote. Yule mama mwenye miwani ya kamba ndiye aliyetupokea. Mjomba alikaa kwenye kiti nusu, kama anayetaka kukimbia. Akaeleza tangu mwanzo, nami nikawa nampa miaka akisahau. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema faini itakuwepo, lakini si ya kuua mtu, na italipwa kidogo kidogo. Ila hesabu za zamani haziwezi kusomwa upya mpaka kila aliyefanya kazi aje ajiandikishe mwenyewe na aseme kazi yake ilikuwa ipi. Wasipokuja, yote yanabaki kuwa ya Mjomba, na kazi yangu ya likizo hii imo humo humo. Na mkandarasi hataandika jina la mtu yeyote mpaka jambo hili limalizike.

Jioni Mjomba akawakusanya watu. Mama, usiombe! Fundi wa lipu ndiye aliyeanza, "Timazi, leo unatupeleka kwa serikali? Unatuuza ili wewe upone?" Wengine wakaitikia. Mjomba akakaa juu ya karai lililopinduliwa, akawa anajisugua goti. Nilimwonea huruma, maana hayo ndiyo maneno aliyoyasema juu yangu. Akasema taratibu, "Mimi nilisema hivyo hivyo juu ya mtoto huyu. Kumbe alikuwa anatafuta jina lake tu. Na nyinyi yenu yako wapi? Mkorogaji wangu, ukivunjika mgongo kesho, nani anajua kwamba uliwahi kufanya kazi?" Mzee mkorogaji wa zege akatazama mikono yake. Wakatawanyika mmoja mmoja.

Nikawafuata, Mama. Safari hii sikusema mengi. Niliwaonyesha karatasi yangu, nikamwacha kila mtu aishike mwenyewe. Mkorogaji aliuliza kama foleni ina kivuli. Fundi wa lipu hakutaka kuitazama.

Jumanne asubuhi lori linaondoka. Hapo tutajua nani atapanda. Ukuta wangu haujaguswa tangu nilipotolewa. Mjomba hajanirudisha, na mimi sijaomba.

Mwanao,
Chiriku


Saiti
Tarehe 13 Agosti

Dada yangu,

Salamu zote nilizokunyima siku ile zipokee leo kwa mkupuo.

Walipanda. Si wote kwa moyo mmoja, lakini walipanda. Mkorogaji alikuja ameoga mpaka nikamsalimia kama mgeni. Fundi wa lipu alisema haji, haji, lori likawashwa, tukaanza kuondoka, tukamwona anakuja mbio amevaa koti la harusi yake. Tulimvuta juu kwa mikanda. Mpwa wako alikaa katikati yao akiwasomea masharti, na kwa mara ya kwanza nikaona faida ya mdomo ule.

Tulijaza ile ofisi mpaka mlinzi akaita wenzake. Yule mama wa miwani akamwita kila mtu mezani na kumuuliza alifanya nini. Nilitaka kuwajibia, ni mazoea, akaninyooshea kidole ninyamaze. Mkorogaji aliulizwa, akaanza kwa sauti ya panya, halafu ikapanda: zege la msingi ni langu, la ngazi ni langu, na lile la shule ya ng'ambo ya barabara lililostahimili mafuriko, hilo pia ni langu! Dada, nimefanya kazi na mtu huyu miaka yote na sikujua kama anayahesabu. Fundi wa lipu ndiye aliyezidi. Aliorodhesha mpaka dari.

Walipokwisha, mama yule akanigeukia. "Na wewe? Ukiwatoa hawa wote, wewe mwenyewe unafanya nini?" Nilikuwa nimezoea kusema vyote. Nikafikiri kidogo, nikamwambia, "Mimi hupandisha pembe." Maana ndivyo ilivyo, mimi nasimamisha pembe zinyooke, wengine wanavuta kamba baina yake na kujaza. Akaandika. Ni neno dogo, lakini lilikuwa langu, na nilitoka pale mwepesi. Faini ipo, nitailipa polepole. Na kwa hesabu mpya nimeambiwa naweza kupeleka upya ombi la goti. Usianze kulia.

Sasa mwanao. Siku tuliyorudi nilimpa mwiko, nikamwonyesha ukuta. Nilisema maneno mazito juu yake, Dada, na nimemwambia kwamba nilikosea. Alimaliza juzi. Sikubomoa hata tofali moja. Haya, nilibomoa moja, asije akavimba kichwa.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya vitabu. Nikaenda mwenyewe kwa karani kwenye kontena lake, nikamwambia aandike ule ushahidi wa chuo. Akaandika haraka haraka: alimsaidia mjomba wake katika ujenzi. Nikaisoma, nikamrudishia. Nikamwambia futa. Akasema, "Mzee, kwani si kweli? Si mpwa wako?" Nikamwambia, "Mpwa ni wa nyumbani. Hapa andika: alijenga." Akanitazama, akatazama ukuta kupitia mlangoni, akachukua karatasi nyingine. Akaandika alijenga, akataja chumba cha chanjo, chini yake akaweka majina ya mwanao yote matatu na namba yake.

Mimi sikutajwa popote. Niliigeuza nyuma na mbele kuhakikisha, jina langu halimo. Nikasimama pale mbele ya feni mpaka karani akaniuliza kama nina shida, maana sijawahi kushika karatasi nzuri kama ile.

Mdogo wako,
Timazi